Daftari la Bandani

Kwenye rafu ya stoo yangu, kando ya kopo la mafuta ya kukamulia, kuna daftari kubwa ambalo jalada lake limechakaa na kurasa zake zinanuka maziwa. Nimeandika humo kila siku tangu nilipostaafu ualimu mwaka 2019 na kurudi kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la familia, huku Kibosho, kwenye mitelemko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro. Kila mnyama ana mstari mmoja au miwili tu kwa siku: lita za asubuhi, lita za jioni, amekula vipi, kinyesi chake kikoje, kuna jambo gani jipya. Juzi nilikaa nikalisoma lote tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu kijana mmoja wa hapa jirani, anayetaka kununua ng'ombe wake wa kwanza, aliniuliza kama ufugaji wa nyumbani unalipa, nami nikashindwa kumjibu kwa maneno machache.

Nianze kwa kueleza tunavyofuga. Kwetu ng'ombe haendi malishoni. Kihamba ni kidogo, kimejaa migomba, kahawa na miti ya kivuli, na banda limo katikati ya hayo yote, hatua chache kutoka jikoni. Ng'ombe hukaa humo mwaka mzima, na chakula ndicho kinachomfuata. Samadi yake hurudi kwenye mashina ya migomba, na mgomba nao, baada ya mkungu kukatwa, humrudishia majani na gogo lake lenye maji. Wazee waliupanga utaratibu huu zamani sana, na kila ninapoona mgomba unaopata samadi ukiwa umesimama kando ya ule usioipata, naona jinsi walivyokuwa na akili. Mimi nina ng'ombe wawili wakubwa, Subira na binti yake Tumaini, wote chotara wa Friesian, pamoja na ndama mmoja, mbuzi watano na kuku ambao idadi yao hubadilika kila mwezi kwa sababu nitakazozieleza.

Kazi inayokula siku ni majani. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji kiasi cha kilo 40 za majani mabichi kwa siku, yaani sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa ng'ombe wawili hizo ni kilo 80, na mzigo ambao mtu wa kawaida anaweza kuubeba kichwani kupanda mlima ni kama kilo 20 au 25. Hesabu hiyo haina likizo, haijui Jumapili wala msiba. Nimepanda majani ya mabingobingo kwenye kingo za mifereji na majani ya guatemala mpakani, lakini hayatoshi, kwa hiyo mara 3 kwa wiki kijana anayenisaidia huteremka tambarare kukata majani na kuyapandisha kwa pikipiki. Mahindi ya masika yanapovunwa, kati ya Julai na Agosti, tunanunua mabua na maganda ya maharage na kuyapanga chini ya paa, na mwanamke ambaye hakuweka akiba hiyo hujulikana ifikapo Septemba kwa kumtazama ng'ombe wake mgongoni. Kiangazi kikizidi, tunakatakata magogo ya migomba. Hayo yana maji mengi na lishe ndogo. Hujaza tumbo la ng'ombe bila kujaza ndoo ya maziwa. Daftari langu la Februari 2022 linaonyesha Subira akishuka kutoka lita 11 kwa siku hadi lita 6 katika wiki 3 za kula magogo, ingawa nilikuwa nikimwongezea pumba za mahindi na mashudu ya alizeti.

Maji nayo husahaulika. Wafugaji wengi wapya huhangaika kutafuta pumba nzuri huku ndoo ya maji ikiwa tupu tangu adhuhuri. Ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa zaidi ya lita 60 kwa siku, na kila lita ya maziwa anayoitoa inadai lita kadhaa za maji. Nilipoacha kumnywesha Subira kwa zamu na kuweka pipa lililokatwa, linalojazwa muda wote, maziwa yaliongezeka kwa zaidi ya lita moja bila ya mimi kununua chochote. Jambo hilo nalo limeandikwa, na nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu kama nilivyokuwa nikipigia mistari madaftari ya wanafunzi.

Kukamua huanza saa 11 na nusu alfajiri. Naosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, nakikausha kwa kitambaa safi, kisha matone ya kwanza ya kila chuchu nayakamulia kwenye kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi. Ninachokitafuta ni mabonge madogo meupe, mfano wa maziwa yaliyoanza kuganda, kwa sababu hiyo ndiyo dalili ya mapema ya ugonjwa wa kiwele. Asubuhi moja ya Novemba niliyaona kwenye chuchu ya nyuma ya kushoto. Ng'ombe alikuwa akila vizuri, hakuwa na homa, kiwele hakikuwa kimevimba, na kama si kile kitambaa cheusi ningeyachanganya maziwa hayo na mengine. Tulimtibu kwa siku 3, kisha tukaendelea kumwaga maziwa yake hadi zilipokwisha siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa, na wateja wangu wawili wakahamia kwa mtu mwingine. Sikuwalaumu, lakini pia siwezi kumuuzia mama mwenye mtoto mchanga maziwa yenye dawa. Maziwa kwetu ni mali ya mama wa nyumba. Ndiyo hununua chumvi, mafuta ya taa na madaftari ya watoto. Wanawake wa Nronga, wilaya jirani ya Hai, waliunda ushirika wao wa maziwa mwaka 1988 kwa kulijua hilo, na jina la maziwa likichafuka, hakuna njia fupi ya kulisafisha.

Ukurasa unaoniumiza ni wa Aprili 2021. Nauandika hapa kama ulivyo, kwa sababu ndio ulionifundisha kusoma ninachokiandika.

Tarehe 9: «Ndama kabakiza maziwa, kama robo lita. Masikio yamelala.» Tarehe 10: «Ndama anakunywa polepole. Mvua kubwa.» Tarehe 11: «Mvua. Banda limeingia maji, tumechimba mfereji.» Tarehe 12 hakuna neno lolote juu ya ndama, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nikishughulika na paa. Tarehe 13: «Tezi chini ya sikio zimevimba kama yai la kuku. Joto 41.3. Anahema.»

Alikuwa ndama jike wa miezi 4, mzuri, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Ugonjwa ulikuwa ndigana kali, unaoletwa na kupe wa kahawia anayependa kujificha masikioni. Mtu atauliza ni vipi ndama asiyetoka bandani alipata kupe. Kupe waliletwa na majani. Kule tambarare tunakokata kuna mifugo inayochungwa, na kupe hupanda juu ya jani na kusubiri. Sisi tukamfunga ndani ya mzigo, tukamlipia nauli ya pikipiki na kumweka mbele ya ndama. Bwana mifugo alifika tarehe 14 mchana baada ya barabara kupitika, akachoma dawa, akaniambia kwa upole, «Mwalimu, mapafu yameshaanza kujaa maji. Tumechelewa siku 3.» Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17, saa 9, povu jeupe lilimtoka puani, akalaza kichwa kwenye nyasi kavu nilizomtandikia, na mimi nikakaa naye hadi akakata roho.

Dawa ya ndigana ipo, na ikiwahi hufanya kazi vizuri. Kilichokosekana ni mimi kunyoosha mkono tarehe 9 na kupapasa chini ya sikio. Ile robo lita ya maziwa iliyobaki ndooni ilikuwa imeniambia kila kitu. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kazi halisi ya mfugaji ni kutazama, na kwamba kukata majani, kukamua na kuzoa samadi ni nafasi tunazopewa za kutazama tukiwa na kitu mkononi. Ng'ombe hasemi, lakini hubakiza chakula, huacha kucheua, husimama mbali na mwenzake, hulamba pua yake mara chache kuliko jana. Mgeni hawezi kuyaona hayo, hata awe na elimu kiasi gani, kwa sababu hajui jana ilikuwaje.

Baada ya msiba ule nilianza kuulizia chanjo ya ndigana kali. Ni chanjo ya aina yake, iliyotokana na utafiti uliofanyika Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970: mnyama huchomwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe karibu na sikio, na papo hapo huchomwa dawa ya kuviza nguvu za vimelea hivyo, ili mwili ujifunze kupigana bila kushindwa. Hutolewa mara moja katika maisha ya mnyama. Shida ni kwamba husafirishwa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, na mrija mmoja una dozi za ng'ombe wapatao 40. Ukishayeyushwa lazima utumike siku hiyo hiyo. Hakuna kihamba chenye ng'ombe 40. Kwa hiyo kwa wiki 2 nilizunguka nyumba kwa nyumba, daftari mkononi, nikiandika majina. Wengine walinikatalia, na sababu zao zilikuwa za haki: gharama ya kichwa kimoja ni kubwa kwa mtu mwenye ng'ombe mmoja, na neno la kumchoma ng'ombe ugonjwa ili asiugue halimeziki kirahisi. Bibi mmoja, mwenye umri wa mama yangu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, «Mwalimu, mimi sikuelewa, lakini nilimwona yule ndama wako. Niandike.» Tulifikisha 43. Walipangwa kwenye uwanja wa chini, wakapimwa kifua kwa kamba ili ujulikane uzito wao na kiasi cha dawa, na kila mmoja akatoka na hereni sikioni. Sijazika ndama kwa ndigana tangu siku hiyo, ingawa bado tunanyunyizia dawa ya kupe na bado kila jioni napitisha kidole ndani ya kila sikio.

Kuhusu kuku nitasema machache, kwa kuwa habari zao ni za kujirudia: mwewe mchana, kicheche usiku, na mdondo, ugonjwa wa kuku unaoambukiza haraka, wakati wowote mtu anapojisahau. Mdondo wa mwaka 2023 niliuleta mwenyewe. Nilinunua jogoo mkubwa mwekundu gulioni, nikamwachia miongoni mwa wenzake jioni ile ile badala ya kumtenga kwa wiki 2, na chanjo ya miezi 3 nilikuwa nimeiahirisha kwa sababu ya mavuno. Siku ya 5 niliona kinyesi cha kijani, kisha shingo zikaanza kupinda, na katika siku 8 kuku 31 wakabaki 8. Alipita mchuuzi akitaka kuwanunua waliokuwa wakisinzia, kwa bei ya nusu. Nilikataa, nikawachimbia shimo refu nyuma ya kahawa, kwa kuwa mdondo ule ungeshuka naye hadi nyumba ya mwingine. Chanjo yenyewe ni tone moja tu kwenye jicho moja, na kichupa kimoja kingetosha majirani wote wa pande hizi. Sasa tarehe za chanjo zimeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa banda, na wanangu wananikumbusha kwa simu kutoka Dar es Salaam.

Mbuzi ndio wanaonipa furaha isiyo na masharti mengi. Hubeba mimba kwa miezi 5, mara nyingi huzaa mapacha, na Desemba, watu wa kwetu wanaporudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi kwa ajili ya Krismasi, hakuna mbuzi dume aliyenona anayekosa mnunuzi. Fedha za mbuzi wa Desemba ndizo zinazolipa mashudu ya Januari.

Lakini usiku ambao sitausahau ni wa Agosti mwaka uliopita. Subira alizaa uzao wake wa 4 jioni, bila msaada, ndama dume mwenye afya, akamlamba hadi akakauka. Ndama alipata dang'a, yaani maziwa ya kwanza, kabla ya saa moja kupita, na kondo la nyuma likaanguka lenyewe usiku ule ule. Nilienda kulala nikimshukuru Mungu. Kesho yake alikula kidogo kuliko kawaida. Niliandika. Saa 4 usiku nilikwenda kumtazama kabla ya kulala na nikamkuta amelala kifuani, shingo ameipinda kuelekea ubavuni, kama mtu anayejisikiliza tumbo. Nilimwita kwa jina, hakugeuka. Niligusa masikio yake, na yalikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Pua ilikuwa kavu. Sikusubiri asubuhi.

Ilikuwa homa ya maziwa. Wengi husikia jina hilo na kutafuta joto, kumbe ugonjwa huu hauna homa, na mwili hupoa. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi, hasa baada ya uzao wa 3 na kuendelea, huanza kumimina madini ya kalisiamu kwenye maziwa kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuifidia, damu hupungukiwa, misuli huishiwa nguvu, na moyo pia ni msuli. Bwana mifugo aliniambia kwenye simu nisimwache alale ubavu, kwa kuwa gesi ya tumboni ingemwua kabla ya ugonjwa wenyewe. Mimi na kijana tulijaza magunia nyasi, tukamwegemeza pande zote mbili, tukamfunika mgongo kwa blanketi la kitandani kwangu, na nikakaa nimekishika kichwa chake mapajani kwa muda ambao sikuupima.

Alifika saa 6 kasoro, amelowa ukungu. Aliipasha moto chupa ya dawa kwenye maji ya uvuguvugu, akatafuta mshipa wa shingo, akaniambia, «Mwalimu, inua chupa, lakini usiipandishe juu sana. Ikiingia haraka moyo unasimama.» Yeye alikuwa ameweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani mwa Subira, akinionyesha kwa mkono wa pili nishushe au nipandishe. Nilikuwa nikitazama viputo vikipanda ndani ya chupa, kimoja kimoja, na sauti pekee bandani ilikuwa ya mbuzi wakicheua. Chupa ilipofika nusu, misuli ya ubavu wake ilianza kutetemeka. Ilipokaribia kwisha, jasho dogo lilitokea juu ya pua iliyokuwa kavu, akabeua kwa nguvu, akatoa kinyesi. Baada ya nusu saa nyingine alikusanya miguu ya nyuma, akayumba, akasimama, na kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuka kumtafuta ndama. Nililia mbele ya kijana na mbele ya bwana mifugo, wala sikuona haya. Tulikunywa chai saa 8 usiku, na yeye akakataa kuongezewa nauli.

Sasa narudi kwenye swali la yule jirani. Nimepiga hesabu za daftari kwa uaminifu. Ukitoa pumba, dawa, posho ya kijana na pikipiki, ng'ombe mmoja anayekamuliwa vizuri anatulipa sisi sote, na ng'ombe wa pili akiwa katika miezi ya kukaushwa au ya kusubiri mimba humla mwenzake. Faida inaonekana mahali ambapo wengi hawaihesabu: kwenye mikungu ya ndizi inayotokana na samadi, kwenye maziwa ya chai yasiyonunuliwa, kwenye mbuzi wa kulipia ada kwa ghafla. Nilimwambia anunue mtamba mmoja tu, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, apande mabingobingo miezi 6 kabla ya kumleta, na anunue daftari na kipimajoto kabla ya kununua ng'ombe. Alionekana kutoridhika, kwa sababu alikuwa amepanga kuanza na wanne. Nilimkaribisha aje kukamua nami kwa mwezi mmoja, na ameanza kuja.

Leo asubuhi yule kijana jirani ndiye aliyeona kabla yangu. Tumaini, ambaye hajawahi kuzaa, alikuwa akilia tangu alfajiri, ameacha majani horini, na Subira alipopita karibu alijaribu kumpanda. Kijana akaniita: «Mwalimu, ana ute mkiani, mwangavu, unavutika.» Anayeonekana na joto la kutaka dume asubuhi hupandishwa jioni, kwa hiyo nimempigia simu mhimilishaji, mtu anayepandikiza mbegu bila dume, na amesema atafika saa 11 na mbegu kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River. Nimempa kijana kalamu aandike mstari wa leo mwenyewe, na kwenye kalenda ya jikoni nimezungushia duara siku ya 21 kuanzia leo, tutakapomtazama tena tuone kama atalia.